Dola 4,489 zilizoliwa na dola 430,500 zisizojadiliwa: kisa cha Title I na wazazi wanaozungumza Kiswahili

Shule ni ya msingi, iko katika mji wa ukubwa wa kati nchini Marekani, ina wanafunzi 480. Kati yao 96, kutoka familia 38, wanazungumza Kiswahili nyumbani. Wazazi wao wengi ni Wakongo waliopitia Nyarugusu mkoani Kigoma, au kambi za Uganda na Burundi, kabla ya kupewa makazi. Shule hii ni ya mfano na namba zake zimepangwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kanuni ndizo zenyewe za sheria, na makosa ni yale ambayo wakaguzi wa jimbo huyakuta kila wanapofungua mafaili ya aina hii.

Tatizo lilionekana hivi: Septemba shule iliitisha mkutano wa mwaka wa Title I, zile fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi maskini, Jumanne saa 12 jioni. Waliotokea ni wazazi 11. Wa Kiswahili hakuja hata mmoja. Mwalimu mkuu akaandika kwenye taarifa kwamba jamii hiyo "haina mwamko". Miezi michache baadaye wakaguzi wa jimbo wakapita, na wilaya ikatakiwa kurudisha dola 2,700.

Hayo mawili, viti vitupu na fedha za kurudisha, yana mzizi mmoja.

Fedha zinavyofika shuleni

Title I ni sehemu ya kwanza ya sheria ya elimu ya msingi na sekondari ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliitia saini tarehe 11 Aprili 1965 huko Texas, mbele ya jengo la shule aliyosomea utotoni. Inaleta fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Mwaka wa fedha wa 2024 ilikuwa takriban dola bilioni 18.4 nchi nzima. Msomaji aliyezoea ruzuku ya uendeshaji ya Tanzania aone tofauti mapema: ile huhesabiwa kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, mwenye nacho na asiye nacho. Hii huhesabu watoto maskini tu, ingawa ikishafika shuleni inaweza kuwafaa wote. Shule yenye asilimia 40 au zaidi ya watoto maskini inaruhusiwa kuendesha mpango wa shule nzima, bila kumnyooshea mtoto kidole kwamba huyu ndiye wa Title I.

Wilaya yetu ya mfano imepata dola 3,600,000. Inazipanga shule zake kwa kiwango cha umaskini kutoka juu kwenda chini, na zile zinazozidi asilimia 75 ni lazima zihudumiwe kwanza. Kisha inaweka kiwango kwa kila mtoto maskini, hapa dola 1,050.

Mtoto maskini anahesabiwaje? Shule hii hutoa chakula cha bure kwa wanafunzi wote, kwa hiyo zile fomu za kuomba chakula hazijazwi tena. Badala yake, kompyuta ya jimbo hulinganisha orodha ya wanafunzi na orodha za misaada, kama ule wa chakula unaoitwa SNAP. Aliyeonekana kote kuwili amethibitishwa moja kwa moja. Shuleni hapa wamethibitishwa 256. Idadi hiyo huzidishwa kwa 1.6, ili kufidia familia zenye kipato kidogo ambazo hazimo kwenye misaada hiyo, na jibu ni 410. Watoto 410 mara dola 1,050 ni dola 430,500. Hilo ndilo fungu kuu la shule.

Hapa kuna jambo ambalo halikuwa kwenye taarifa ya wakaguzi, na kwa maoni yetu ni zito kuliko mengi yaliyokuwemo. Watoto wa Kikongo hupotea kwenye ulinganisho huo. Ofisi ya misaada imeandika Bahati Furaha, shule imeandika Furaha Bahati. Upande mmoja jina la tatu limo, upande wa pili halimo. Tarehe ya kuzaliwa nayo haisaidii, kwa sababu wakimbizi wengi waliandikishwa kambini kwa tarehe 1 Januari, na kompyuta ikiwakuta ndugu wawili wenye tarehe ileile inaweza kuwakataa wote. Karani wa shule hii alikaa na orodha kwa mkono siku mbili mwezi Machi na kuwaokota watoto 11. Bila wao hesabu ingekuwa 245, mara 1.6 ni 392. Pungufu ya watoto 18, yaani dola 18,900. Siku mbili za karani zimelipa kuliko mwaka mzima wa vipeperushi. Mzazi naye ana mchango wake hapa: siku ya kuandikisha mtoto, aje na barua ya msaada wa chakula, na jina la mtoto liandikwe shuleni herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye barua hiyo, hata kama mpangilio wake si ule wa nyumbani.

Asilimia moja

Kifungu cha 1116 cha sheria kinasema wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ushiriki wa wazazi na familia. Kwa wilaya hii ni dola 36,000. Shule binafsi zenye watoto maskini nazo zina haki kwa uwiano. Tukichukua asilimia 2, ni dola 720, zinabaki 35,280. Kati ya hizo, angalau asilimia 90 ziende shuleni, yaani 31,752, na ofisi ya wilaya isibakize zaidi ya 3,528. Ukigawa 31,752 kwa watoto maskini 2,900 wa shule zote zinazohudumiwa, kila mtoto ana dola 10.95 hivi. Shule yetu, kwa watoto wake 410, inapata dola 4,489.

Sheria inaongeza sharti linalosahaulika sana: wazazi washirikishwe katika kuamua asilimia hiyo itumikeje. Shule ilizitumia hivi mwaka wa kwanza. Pizza na soda, dola 1,130. Chupa za maji 150 zenye nembo ya shule, dola 7 kila moja, 1,050. Kufasiri kwa Kiswahili kitabu cha kanuni za shule, 1,400. Kadi za zawadi za dukani 10 za dola 25 za bahati nasibu ya waliohudhuria, 250. Dola 659 zilibaki bila kutumika. Zote ziliamuliwa ofisini.

Wakaguzi walikataa chupa na kadi bila mjadala: zawadi na vitu vya kujitangaza havilipiwi kwa fedha za serikali kuu. Pizza iliachwa kwa onyo. Chakula kinaruhusiwa kwa nadra, kiwe chepesi, na shule ionyeshe kwamba bila hicho kazi ya mkutano isingefanyika. Ratiba ya mkutano huu ilikuwa na mstari mmoja tu, "karibuni na chakula". Lililowashangaza walimu ni tafsiri. Wazazi hawajui Kiingereza, shule imewafasiria kitabu, kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye mfuko. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, zinailazimisha kila shule inayopokea fedha za serikali kuu kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza. Kitabu cha kanuni, fomu za kuandikisha, barua za adhabu, simu za utoro: hayo ni wajibu wa wilaya hata kama Title I isingekuwepo. Title I ni fedha za nyongeza. Zinaongeza juu ya kile ambacho jimbo na wilaya wanatakiwa kutoa, hazizibi pengo lake. Sharti hilo lilikazwa mwaka 1970, baada ya ripoti ya 1969 kuonyesha wilaya zikizitumia fedha za watoto maskini kwa mahitaji ya kawaida ya shule zao. Kwa hiyo tafsiri ya sera ya ushiriki ya Title I, ya mapatano ya shule na wazazi, na mkalimani wa mkutano wa Title I vinalipiwa na Title I. Kitabu cha kanuni hapana. Mkalimani wa kikao cha mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu pia hapana, kwa kuwa hicho kina sheria yake na fedha zake.

Chupa 1,050, kadi 250, tafsiri 1,400. Ndizo dola 2,700 zilizorudishwa kutoka mfuko wa kawaida wa wilaya.

Karatasi zilizonakiliwa

Shule ilikuwa na sera ya ushiriki wa wazazi, kurasa nne. Wakaguzi hawakuhitaji kuisoma yote, maana ukurasa wa kwanza ulisema imeandikwa "kwa mujibu wa kifungu cha 1118". Hiyo ilikuwa namba ya zamani. Tangu sheria iliyotiwa saini tarehe 10 Desemba 2015, ushiriki wa wazazi uko 1116, na 1118 ni kifungu cha masharti ya fedha, pamoja na hilo la kutoziba. Mtu aliyezoea kazi hii akiiona 1118 juu ya sera ya wazazi anajua ilinakiliwa miaka mingi iliyopita na hakuna mzazi aliyekaa nayo.

Mapatano ya shule na wazazi yalikuwepo pia. Ni karatasi inayotaja shule itafanya nini, mzazi atafanya nini, na mtoto atafanya nini, na katika shule za msingi lazima ijadiliwe angalau mara moja kwa mwaka mzazi anapokutana na mwalimu. Hapa ilitumwa kwenye mkoba wa mtoto ikiwa imefasiriwa na mashine. Juu iliandikwa "Mkataba wa Kichwa cha Kwanza", yaani Title I neno kwa neno, na chini kulikuwa na mahali pa sahihi. Kati ya familia 38 zilirudi tatu. Mtu aliyekaa kambini miaka 15 anajua karatasi yenye neno mkataba na mahali pa sahihi si ya kuchezea. Huenda ni kuhamishwa, huenda ni deni. Anaiweka kabatini pamoja na hati zake muhimu, akisubiri mtu wa kumsomea. Ile ya mwaka wa pili iliitwa "Mapatano yetu juu ya masomo ya mtoto", na mstari wa kwanza ukasema kusaini si lazima na hakuna adhabu. Hivyo ndivyo ilivyo: sheria inataka mapatano yajadiliwe, na sahihi ni kumbukumbu tu.

Na kulikuwa na dodoso la mwisho wa mwaka, la kupima kama ushiriki unafanya kazi na vikwazo ni vipi. Lilikuwa la Kiingereza, kwenye intaneti. Matokeo yakasema asilimia 94 ya wazazi wameridhika. Bila shaka: waliojibu ni wale wasiokuwa na kikwazo.

Kwa nini hawakuja

Sababu ya kwanza ni ya saa. Baba na mama wengi wa familia hizi hufanya kazi viwanda vya nyama na maghalani, zamu ya pili, wanaingia saa tisa alasiri. Saa 12 jioni wako kwenye mashine. Sheria inasema mkutano uwe wakati unaowafaa wazazi, na inairuhusu shule kuufanya asubuhi au jioni na kulipia usafiri, ulezi wa watoto na ziara za nyumbani. Shule ilichagua saa iliyowafaa walimu.

Ya pili ni ya maana ya wito. Mashariki ya Kongo mzazi akiitwa shuleni, mtoto amekosa au fedha haijalipwa. Kwa miaka mingi wazazi walilipa mishahara ya walimu kwa malipo yale yaitwayo prime, na asiyelipa mtoto wake alirudishwa nyumbani. Elimu ya msingi ya bure ilitangazwa tena mwaka 2019, wakati wengi wa hawa walikuwa wameshaondoka. Barua ya shule ilisema: "Unaalikwa kwenye mkutano kuhusu fedha za shule." Mama aliyesomewa barua hiyo na mwanawe wa miaka 10 alisikia jambo moja tu, akaamua kunyamaza hadi apate za kulipa.

Ya tatu ni maandishi yenyewe. Sehemu ya wazazi hawasomi lugha yoyote vizuri, na wanaosoma wamesoma kwa Kifaransa. Kiswahili sanifu kilichochapwa wanakifuata kwa taabu, hasa kikiwa na maneno ya ofisini. Sheria inataka taarifa iwe katika lugha na namna ambayo wazazi wanaielewa, na hiyo "namna" mara nyingi inasahauliwa. Kwa familia hizi ni sauti. Mratibu wa familia, alipopatikana, alituma ujumbe wa WhatsApp wa sekunde 30:

"Jambo mama Riziki. Hapa ni pa masomo ya watoto. Riziki yuko sawa, hana kosa. Hakuna feza ya kulipa. Serikali inaleta feza juu ya watoto wetu, na tunataka mutuambie itumike namna gani. Posho saa tatu na nusu asubuhi, pale kwenye sale ya majengo yenu. Watoto muje nao, kuna mtu wa kuwaangalia."

Angalia mpangilio. Kwanza anaondoa hofu ya kosa, kisha hofu ya malipo, ndipo anasema kinachotakiwa. Angeanza na Title I, mama angezima simu. Posho na sale ni Jumamosi na ukumbi kama wanavyosema wenyewe, na mfasiri wa Dar es Salaam angezisahihisha kwa kalamu nyekundu na kupoteza nusu ya wasikilizaji.

Sababu ya nne ni hofu wasiyoisema mbele ya mgeni: karatasi ya mahudhurio. Waliokuja baadaye walitaka kujua majina yanakwenda wapi. Jibu ni kwamba tangu hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982 mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, kwa hiyo shule haina haja ya kuiuliza, na karatasi hiyo inahitaji jina la mzazi na la mtoto, basi. Safu ya anwani iliondolewa. Haikuwa na kazi yoyote.

Dola 4,489 za mwaka wa pili

Kamati ya wazazi saba, watatu wao wa Kiswahili, ilikaa na orodha ya bei na kupanga upya. Tunaziandika zote kwa sababu watu huulizana sana fungu dogo namna hii linafika wapi.

Wakalimani wawili kwa mikutano minne, saa mbili kila mmoja, kwa dola 45 kwa saa: 720. Wawili kwa sababu mmoja anayekalimani saa nzima mbele ya watu 40 huanza kufupisha, na kinachofupishwa ni maswali ya wazazi. Walezi watatu wa watoto, mikutano minne, saa mbili na nusu, dola 20: 600. Basi kutoka majengo mawili ya nyumba za kupanga, dola 210 kila mkutano: 840. Vifaa vya kusomea nyumbani, yaani kadi za namba, kete za kuhesabia na vitabu vya picha visivyo na maneno, kwa familia 80 kutoka shule nzima, dola 12 kila moja: 960. Ziara 14 za nyumbani, mwalimu dola 35 na mkalimani dola 45: 1,120. Matunda na maji, dola 62 kila mkutano: 248. Jumla 4,488. Ilibaki dola moja.

Mambo mawili yalitaka kuharibika. Malipo ya mwalimu ya dola 35 yaliandikwa mwanzoni kama 30, na mtu wa mishahara ndiye aliyekumbusha kwamba mwajiri naye ana michango ya kisheria juu ya kila saa ya ziada. Kosa hilo hugundulika Mei, fedha zikiwa zimekwisha. La pili, vitabu vya picha visivyo na maneno vilikataliwa na ofisi ya manunuzi kwa kuwa "si vya kusoma". Ilibidi mwalimu aandike sentensi tatu: mzazi asiyesoma Kiingereza anaweza kumsimulia mtoto kitabu hicho kwa Kiswahili, mtoto anajenga msamiati na mpangilio wa hadithi, na hilo ni lengo la tatu katika mpango wa shule. Vikapita. Karibu kila ununuzi wa Title I huokolewa au huzama kwa sentensi tatu za aina hiyo: hitaji lipi, lengo lipi, kwa nini njia hii.

Mafaili nayo yalibadilika. Karatasi ya mahudhurio peke yake inathibitisha kwamba watu walikuwepo. Mkaguzi anatafuta mwaliko katika lugha zote wenye tarehe, ratiba, muhtasari wa kikao, na mahali katika muhtasari panapoonyesha mzazi alipendekeza nini na nini kilibadilika kwa sababu hiyo. Ujumbe wa sauti ulihifadhiwa kama faili pamoja na maandishi yake.

Fungu kubwa

Hadi hapa tumezungumzia dola 4,489, kama shule zote zinavyofanya. Wazazi wanaitwa kujadili matunda na basi. Dola 430,500 ziko wapi?

Ratiba inajibu. Wilaya hupata makadirio ya mgawo majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei. Mpango wa shule huandikwa Mei na Juni. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mkutano wa mwaka unafanyika Septemba. Mzazi anayeitwa Septemba anaonyeshwa chungu kilichokwishaipuliwa jikoni. Mwaka wa kwanza walioketi mbele ya pizza waliambiwa shule imenunua vishikwambi vya dola 31,000, na maboksi yalikuwa tayari yamepangwa ukutani.

Haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1970 sheria ilizitaka shule na wilaya ziwe na mabaraza ya ushauri ambayo wengi wa wajumbe wake ni wazazi. Mwaka 1981 sharti hilo likaondolewa. Ushiriki ulirudi mwaka 1988, mapatano na asilimia 1 yakaja mwaka 1994, lakini baraza lenye meno halikurudi. Kilichobaki ni neno "washirikishwe", lisilompa mzazi kura. Lina nguvu pale tu anaposhirikishwa kabla ya jambo kuamuliwa, na ndiyo maana tarehe ya mkutano ina uzito kuliko idadi ya viti vilivyokaliwa.

Mwaka wa pili shule iliongeza kikao Aprili, mara mbili kwa siku moja: saa tatu na nusu asubuhi kwenye ukumbi wa majengo ya kupanga, na jioni shuleni. Walikuja wazazi 47, wa Kiswahili 19. Bajeti iliandikwa ukutani kwa mistari sita: walimu watatu wa kusaidia kusoma, 276,000 pamoja na marupurupu; wasaidizi wawili wa darasani, 76,000; dola 31,000 za vishikwambi zilizoachwa huru; mafunzo ya walimu, 14,500; programu ya kompyuta ya kusoma, 18,000; vifaa, 15,000.

Ombi la kwanza la wazazi wa Kiswahili lilikuwa basi la kila siku wakati wa baridi kwa wanaokaa karibu mno kupewa basi. Lilikataliwa, kwa sababu usafiri wa kawaida wa shule ni kazi ya wilaya, na kuulipia kwa Title I ni kuziba. Mwalimu mkuu aliwaeleza hivyo kisha akapeleka ombi kwa idara ya usafiri kwa barua, nakala ikabandikwa mlangoni. Ombi la kukataliwa lisiishie hewani, maana mzazi aliyekataliwa bila maelezo harudi Septemba.

La pili lilikuwa mtu wa kupokea simu kwa Kiswahili. Hapa dola 31,000 zilihama, lakini kwa uangalifu. Simu za utoro na uandikishaji ni wajibu wa wilaya, kwa hiyo mratibu wa familia aliajiriwa kwa mifuko miwili: asubuhi analipwa na wilaya na kukaa mapokezi, mchana analipwa na Title I na kufanya mikutano, ziara na warsha za kusoma nyumbani. Mtu wa mifuko miwili lazima atunze kumbukumbu za saa zake kwa kila mfuko. Wiki ya tatu alianza kuitwa mchana kukalimani vikao vya watoto wenye ulemavu, "dakika kumi tu". Dakika kumi hizo, zikirudiwa kila siku, ndizo zinazoigeuza ajira nzima kuwa deni kwa wakaguzi. Alipewa daftari la kuandika kila anapoitwa nje ya kazi yake, na wilaya ikaanza kulipa mkalimani wa simu kwa vikao hivyo.

Jambo la tatu halikuwa ombi. Baba mmoja aliuliza kuhusu zile 18,000 za programu: mtoto anavaa visikilizi usiku, anacheka peke yake, na hakuna mtu nyumbani anayejua anajifunza nini. Akataka fedha hizo ziende kwenye masomo ya kiangazi. Wenzake 14 wakamuunga mkono. Mwalimu mkuu hakukubali. Alikuwa na alama za majaribio za darasa la tatu na aliamini programu inasaidia. Programu ikabaki kwenye mpango.

Wengi huishia hapo. Lakini kifungu cha 1116 kinasema mpango wa shule usipowaridhisha wazazi, maoni yao yawasilishwe pamoja nao unapopelekwa wilayani. Mkalimani aliyaandika kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, akayafasiri kwa Kiingereza chini yake, akawasomea wazazi 15 kwa sauti, wakaongeza sentensi moja kuhusu visikilizi. Mwalimu mkuu aliomba sentensi hiyo ilainishwe. Waliikataa, na karatasi ikaenda wilayani ikiwa ukurasa wa mwisho wa mpango, tarehe 12 Juni, bila kuguswa.